Vipimo vya haraka na antibayotiki wodini: maswali tunayoulizwa kila mara

Nimekaa maabara miaka mingi alafu nikaingizwa kwenye timu ya kusimamia antibayotiki, kwahiyo haya maswali nimeulizwa kwenye simu, kwenye korido, kwenye raundi, na mengine na ndugu wa mgonjwa pale mlangoni. Sijayapanga kwa utaratibu wowote wa maana, ruka tu uende kwenye la kwako.

Hivi kipimo cha haraka ni haraka kulinganisha na nini?

Kulinganisha na kalcha, yaani kuotesha bakteria kutoka kwenye sampuli ya mgonjwa. Ukichukua damu ya mgonjwa mwenye homa kali ukaitia kwenye chupa za kalcha, chupa zinaingia kwenye mashine inayozipa joto na kuzitikisa, na kama kuna bakteria mara nyingi mashine inalia kati ya saa 12 na 48, isipolia tunaiacha mpaka siku 5 ndo tunaandika hamna kitu. Ikilia ndo kwanza kazi inaanza: unapaka rangi ya Gram umwone mdudu kwenye darubini, unamwotesha kwenye sahani usiku kucha ndo umjue jina, alafu usiku mwingine tena wa kumjaribisha na dawa. Jumla siku mbili, tatu, saa ingine nne. Muda wote huo mgonjwa yuko kwenye dawa ya kubahatisha, tunabahatisha kisomi ndiyo, lakini ni kubahatisha.

Kipimo cha haraka kinakata hatua moja au mbili hapo katikati. Nasema katikati manake watu wanadhani damu ikishatoka mkononi baada ya saa moja jibu liko mezani. Vipimo vingi vya damu vinaanza kuhesabu pale chupa ilipolia, kwahiyo ukiambiwa "saa moja" ongeza zile saa za kuota, na ongeza pia zile saa chupa ilikaa dirishani wodini ikisubiri mtu wa kuipeleka maabara. Hizo za dirishani hakuna anayeziandika popote na hazihitaji mashine kuzipunguza, zinahitaji mtu mwenye miguu.

Hiyo timu ya antibayotiki si kazi yake kutunyima dawa?

Ndo tunavyoonekana, najua. Kwenye timu kuna mfamasia, daktari anayeyajua magonjwa ya maambukizi kama hospitali inaye, mtu wa maabara, na nesi wa kudhibiti maambukizi. Tunachotaka ni mgonjwa apate dawa inayomfaa mapema, kwa dozi ya kutosha, na aachishwe ikishatosha, na zipo siku nyingi tu tunapiga simu kusema ongeza, hiyo dawa uliyompa haimgusi huyu mdudu kabisa.

Shirika la Afya Duniani tangu 2017 limezigawa antibayotiki makundi matatu: Access ambazo ni za kuanzia, Watch za kuchunga, na Reserve zile za kufungia kabatini mpaka nyingine zimeshindwa. Mwaka 2024 nchi za Umoja wa Mataifa zikakubaliana kwamba ifikapo 2030 angalau 70% ya antibayotiki wanazotumia watu duniani ziwe za hilo kundi la kwanza. Sasa daktari humtoi Watch ukamrudisha Access kwa kumkaripia. Anarudi mwenyewe akionyeshwa jina la mdudu, na ndo maana timu na maabara hawawezi kuachana.

Mgonjwa wangu presha imeshuka, mnataka nisubiri jibu?

Hapana. Chukua damu, piga dawa, tena upesi. Kuna utafiti wa 2006 wa Kumar na wenzake kwa wagonjwa ambao maambukizi yameshawashusha presha, walikuta kila saa inayopita bila dawa inayofanya kazi, nafasi ya kupona inapungua kwa wastani wa karibu 7.6%. Tafiti za baadae zimebishania ukubwa wa hiyo namba lakini hakuna aliyesema kaa utulie usubiri.

Hakuna atakayekulaumu kwa meropenemu, ile antibayotiki nzito inayopiga wadudu wengi, ya saa nane usiku. Tunakuja kukusumbua pale meropenemu hiyo hiyo inapokutwa siku ya tisa, mgonjwa anakula ugali wake vizuri, na ukiuliza ilianzishwa kwa ajili gani hakuna anayekumbuka, daktari aliyeianzisha yuko likizo. Hapo katikati figo zimeshachoshwa na vankomisini aliyounganishiwa, tumbo limeshaharisha kwa bakteria anayeitwa Clostridioides difficile, na wadudu waliobaki mwilini ni wale waliojifunza kuishi na dawa. Makadirio ya dunia nzima kwa 2019 ni vifo milioni 1.27 vilivyosababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria, na milioni 4.95 ambavyo usugu ulihusika kwa namna moja au nyingine.

Zipo aina ngapi, na ipi bora?

Bora kwa swali gani? Hilo ndo la kujiuliza.

Cha kwanza kabisa cha haraka ni rangi ya Gram, ya 1884, ya yule daktari wa Denmark, na mpaka leo kwa dakika chache inakuambia kama mdudu ni mviringo wa zambarau au kijiti chekundu, na hiyo peke yake inabadilisha dawa. Watu wanaidharau kwa vile ni ya zamani.

Alafu kuna MALDI-TOF, unachukua koloni kidogo (lile doa la bakteria walioota kwenye sahani), unaipiga leza, protini zake zinaruka, mashine inasoma uzito wake na kulinganisha na maktaba yake, jina linatoka kwa dakika kadhaa. Mjapani Koichi Tanaka alipata sehemu ya Nobel ya kemia mwaka 2002 kwa kazi iliyofungua njia ya mambo haya. Mashine ni ghali lakini sampuli moja moja ni rahisi sana. Tatizo inakupa jina, haikupi dawa.

Paneli za PCR, zinazotafuta jeni za wadudu wengi kwa mpigo, ni kinyume chake: kadi moja ya kupimia ni ghali, ila inakupa kwa kama saa moja jina la mdudu kutoka kwenye orodha yake pamoja na baadhi ya jeni za usugu. Nimesema kwenye orodha yake. Mdudu ambaye hayumo kwenye orodha, kwa paneli hayupo duniani, ndo maana rangi ya Gram inafanyika palepale hata kama kadi ipo, na zikigombana, unaamini zote mbili mpaka kalcha iamue.

Kuna vistripu kama vile vya mimba, unaweka tone, unasubiri mistari: vya kutafuta PBP2a, protini ya MRSA (Staphylococcus aureus aliye sugu kwa dawa za jamii ya penisilini), vya kutafuta vimeng'enya vinavyovunja kabapenemu (jamii ya kina meropenemu), dakika 15 hivi kutoka kwenye koloni. Na kuna vya kumjaribisha mdudu na dawa kwa haraka, nitavieleza kwenye swali la hela. Mwisho kuna vile visivyomtafuta mdudu kabisa, vinapima mwili umeitikiaje, CRP na prokalsitonini, protini za kwenye damu zinazopanda mwili ukipambana na maambukizi.

Paneli imesema Staphylococcus aureus, mecA haijaonekana. Nifanye nini?

Furahi, alafu toa vankomisini. Hilo jibu ni kati ya majibu mazuri kuliko yote tunayotoa. mecA ndo jeni inayomfanya aitwe MRSA, isipokuwepo mdudu anakufa kwa flukloksasilini au sefazolini, na hizo zinamuua vizuri kuliko vankomisini, kwahiyo kumwacha mgonjwa kwenye vankomisini "kwa usalama" ni kumpa dawa dhaifu zaidi, yenye kuumiza figo zaidi, inayohitaji kupimwa kiwango kwenye damu, na bado mtu anaona kamfanyia wema.

Ila usiishie kubadili dawa. Huyu mdudu kwenye damu hachukuliwi poa hata siku moja: rudia kalcha mpaka iwe safi, mpime moyo, tafuta alikoingilia (kanula iliyokaa siku nyingi ni mshukiwa wa kwanza), na siku za dawa ni angalau 14 kuanzia kalcha ya kwanza iliyo safi. Kipimo cha haraka hapa kinakusaidia kuchagua, hakikupunguzii siku.

Na kwa vile vijiti vyekundu, jeni ya usugu haijaonekana, basi seftriaksoni inatosha?

Hapa taratibu. Kwa Staphylococcus aureus jeni moja inaeleza karibu hadithi yote. Kwa E. coli na Klebsiella hadithi ina wahusika wengi, na kwa Pseudomonas ndo usiseme, yule anaweza kuwa sugu bila jeni yoyote iliyopo kwenye kadi, anafunga milango ya ukuta wake na kuisukuma dawa nje kwa pampu. Kwahiyo jeni ikionekana unaamini na unachukua hatua, isipoonekana unapata matumaini, kiasi gani cha matumaini kinategemea mdudu gani na kwenye hospitali yako usugu ukoje. E. coli asiye na CTX-M (jeni ya usugu kwa seftriaksoni) kwa mgonjwa anayeendelea vizuri, watu wengi tutakubali kushuka kwenda dawa nyepesi. Pseudomonas hapana, subiri majibu ya dawa.

CTX-M ikionekana seftriaksoni iweke pembeni. Watu walijaribu kukwepa kabapenemu kwa kutumia piperasilini-tazobaktamu, utafiti wa MERINO wa 2018 ukawalinganisha wagonjwa wenye E. coli au Klebsiella sugu kwa seftriaksoni kwenye damu, waliokufa ndani ya siku 30 walikuwa 12.3% kwa piperasilini-tazobaktamu na 3.7% kwa meropenemu. Naitaja makusudi ili ujue timu ya antibayotiki saa ingine ndo inayokuambia panda, weka meropenemu, tena leo.

Na zikitokea jeni za kuvunja kabapenemu usisome tu "sugu" ukafunga faili, soma jina. KPC na OXA-48 zinazimwa na seftazidimu-avibaktamu. NDM haizimwi na hiyo, wala VIM na IMP, hapo inabidi kuongeza aztreonamu. Mgonjwa mwenye NDM akiandikiwa avibaktamu peke yake kwa vile mtu alisoma nusu ya mstari, umetumia dawa ya kabatini bure kabisa na mdudu bado yupo. Na mpigie simu nesi wa kudhibiti maambukizi mapema ili mgonjwa atengwe, watu wanasahau kwamba hilo nalo ni sehemu ya jibu.

Tumenunua mashine, mwaka umepita, mbona antibayotiki hazijapungua?

Swali hili nalipenda na kulichukia. Nikuelezee kilichotupata sisi. Chupa ililia saa nane usiku, fundi wa zamu akaweka kadi, saa tisa na dakika jibu likatoka: Staphylococcus aureus, mecA hakuna. Jibu zuri kama hilo nililolisema juu. Likaingia kwenye kompyuta. Saa kumi na mbili asubuhi mgonjwa akapewa vankomisini yake kama kawaida, saa nne kwenye raundi hakuna aliyefungua ukurasa wa maabara, jioni akapewa tena, na kesho yake mchana majibu ya kawaida ya kalcha yalipoletwa kwa karatasi ndo daktari akabadilisha. Tukakaa kikao tukahesabu, tulilipia kadi ghali ili jibu lilale kwenye kompyuta zaidi ya saa 30, na hakuna aliyekosea kwa mujibu wa utaratibu, manake utaratibu haukumtaja mtu yeyote wa kuchukua hatua.

Na si sisi tu. Mwaka 2015 walichapisha jaribio la Marekani, wagonjwa 617 wenye kalcha za damu zilizolia, wakagawanywa makundi matatu kwa kura: kalcha ya kawaida, paneli ya PCR na maelezo ya maandishi kwenye jibu, na paneli pamoja na timu inayompigia daktari. Kushusha dawa kulichukua saa 34 kwenye kundi la kawaida, saa 38 kwenye paneli na maandishi, na saa 21 paneli ilipokuja na simu. Yaani paneli peke yake haikusogeza kitu kwenye kushusha. Kupandisha dawa ilikuwa tofauti, kutoka saa 24 hadi 6 kwa paneli na 5 kwa paneli na timu, na hiyo inaeleweka kibinadamu: jibu la kutisha daktari analifanyia kazi mwenyewe, jibu la kutuliza linahitaji mtu wa pili wa kumwambia ni salama, toa. Vifo havikutofautiana kwenye jaribio hilo, na nalisema ili usije ukadanganywa na muuzaji.

Kisha 2017 wakajumlisha tafiti 31 zenye wagonjwa karibu 6,000, uwezekano wa kufa ulionekana kupungua kwa kama theluthi kwa waliopimwa haraka, lakini walipotenganisha, faida ilisimama kwenye hospitali zenye timu ya usimamizi, zisizo na timu haikufikia kiwango cha kuaminika kitakwimu.

Kwahiyo kabla ya kuuliza mashine ina shida gani, uliza jibu likitoka saa tisa usiku linamfikia nani kwa jina.

Basi nani apige simu, na usiku inakuwaje?

Maabara inampigia daktari wa zamu, anasoma jibu, anamwomba alirudie, anaandika saa na jina. Hapo hapo inatuma ujumbe kwa timu, iwe mfamasia au daktari wa maambukizi, ambaye anafungua faili aangalie dawa anazotumia mgonjwa, alegi, figo, alafu anapiga simu ya pili yenye pendekezo. Simu ya kwanza inasema nini kimeonekana, ya pili inasema fanya nini. Ukiziunganisha kwenye mtu mmoja wa maabara ambaye hajamwona mgonjwa, unamtwisha asichokisomea.

Usiku hospitali nyingi hazina timu ya kukesha, na hapo suluhisho la kawaida ni karatasi moja ukutani na kwenye simu za madaktari: ukionekana huyu na jeni hii, anza hivi, usisubiri asubuhi. Iwe fupi. Tuliandika ya kurasa sita hakuna aliyeisoma, tukaiandika upya ukurasa mmoja na yale majibu manane yanayotokea sana, ikaanza kuonekana imekunjwakunjwa kwenye mifuko ya makoti, nikajua inasomwa.

Na lugha ya simu nayo ina adabu yake. "Dokta, samahani kukuamsha, yule mama wa kitanda cha nane, tumempata mdudu, una dakika moja?" inafika mbali kuliko "mbona bado yuko kwenye meropenemu".

Chupa moja kati ya nne ina stafilokoka asiye aureus. Nitibu?

Mara nyingi huyo katoka kwenye ngozi wakati wa kuchoma sindano. Chupa moja tu, mgonjwa hana mpira kwenye mshipa mkubwa, hana vali ya bandia, homa imeshashuka, usianzishe vankomisini, na kama umeanzisha kwa ajili ya viduara vya zambarau kwenye Gram, paneli ikishakuambia si aureus unaweza kuitoa siku hiyohiyo. Chupa mbili au zaidi kutoka sehemu tofauti, au ana kifaa mwilini, hiyo ni kesi nyingine.

Uchafu wa kalcha unatakiwa ubaki chini ya 3%, na maabara nyingi sasa zinakimbizana na 1%. Kipimo cha haraka kikiwekwa juu ya sampuli chafu kinakupa jibu chafu kwa haraka, hakina njia ya kujua.

Prokalsitonini je, naweza kuitumia kuamua nisianze dawa?

Kuamua kuanza, mimi siishauri sana. Kuamua kuacha, ndiyo. Jaribio la ProACT la 2018, wagonjwa 1,656 waliokuja dharura na dalili za kifua kwenye hospitali 14 za Marekani, kuwapa madaktari namba ya prokalsitonini hakukupunguza antibayotiki. Lakini kwa wagonjwa mahututi wa Uholanzi mwaka 2016, ambapo daktari alishauriwa asimamishe dawa kama namba imeshuka kwa 80% kutoka kileleni au imefika 0.5 au chini yake, siku za dawa zilienda 5 badala ya 7, na waliokufa ndani ya siku 28 walikuwa 20% dhidi ya 25% kwa wale wa utaratibu wa kawaida. Hata waliozoea kubisha walinyamaza kidogo.

Ila inapanda pia kwa ajali kubwa, operesheni, kuungua, na figo zikishindwa, na jipu lililojifungia mahali pamoja linaweza kuwepo namba ikiwa chini. Pima mfululizo, namba moja peke yake haina maana kubwa.

Stripu ya mkojo imeonyesha chembe nyeupe, ni UTI?

Ana dalili? Hana? Basi umepima mkojo bure. Wazee wengi, na karibu kila mwenye mpira wa mkojo wa muda mrefu, wana bakteria kwenye mkojo wanaoishi humo bila kumsumbua mtu, na ukiwaua unawakaribisha sugu. Isipokuwa mjamzito na anayekwenda kufanyiwa operesheni ya njia ya mkojo, wasio na dalili hawatibiwi. Kwenye hili usimamizi mzuri ni kutopima.

PCR ya C. difficile imetoka chanya, namtibu?

PCR inaona jeni ya sumu, haioni kama sumu inatengenezwa. Mtu anaweza kumbeba tu. Ndo maana maabara nyingi zinapima hatua mbili, antijeni na sumu yenyewe, na sisi tunakataa kinyesi kilichoshikana na kinyesi cha aliyepewa dawa ya kulainisha choo jana yake. Tunatukanwa kwa hilo lakini tunakataa.

Kipimo cha virusi kimetoka chanya, niache antibayotiki? Na kikitoka hasi?

Chanya kwa mgonjwa asiyezidiwa, picha ya kifua safi, prokalsitonini chini: acha. Chanya ya mafluu kwa mgonjwa aliyekuwa anapata nafuu alafu ghafla kazidiwa: fikiria bakteria amefuata nyuma, usiache.

Hasi ndo yenye mtego. Tuna funzo kutoka malaria: kwenye tafiti kadhaa zilizojumlishwa 2017, vipimo vya haraka vya malaria vilipoletwa dawa za malaria zilipungua vizuri, lakini sehemu nyingi antibayotiki zikapanda, manake daktari aliyeambiwa "si malaria" bado ana mgonjwa mwenye homa mbele yake na mkono unatafuta kitu cha kuandika. Ukileta kipimo chochote kipya andaa na jibu la swali "kikitoka hasi nifanye nini?", la sivyo utahamisha tatizo kutoka kabati moja kwenda lingine.

Pua ya mgonjwa wa nimonia haina MRSA. Inanisaidia nini?

Inakusaidia sana na ni rahisi. PCR ya pua ikiwa hasi, uwezekano kwamba nimonia hiyo si ya MRSA ni zaidi ya 95%, vankomisini inatoka. Ikiwa chanya haithibitishi chochote, watu wengi wanaishi naye puani.

Hatuna hela ya mashine hizo. Tufunge mdomo?

Wala. Kama ningepewa hela kidogo ningeanza hivi: damu ya kutosha, mtu mzima mililita 8 hadi 10 kila chupa na seti mbili, manake chupa yenye mililita tatu hakuna teknolojia ya kuiokoa. Alafu chupa ifike maabara ndani ya saa mbili. Alafu Gram isomwe mara chupa inapolia hata usiku, na ipigiwe simu.

Baada ya hapo kuna njia ya EUCAST, ile kamati ya Ulaya ya upimaji wa dawa kwa wadudu, unachukua damu moja kwa moja kutoka chupa iliyolia, unaimwaga kwenye sahani, unaweka juu yake vile vikaratasi vyenye dawa vya kawaida, na unasoma baada ya saa 4, 6 na 8 kwa vipimo vyake maalumu. Huhitaji kifaa kipya, unahitaji fundi aliyefundishwa na anayefuata saa bila kuteleza, manake sahani ya saa 6 ukiisoma saa 7 na nusu jibu si sahihi tena, na namba za mdudu mmoja usizitumie kwa mwingine. Kwa kabapenemu kuna kipimo cha kubadilika rangi, Carba NP, Nordmann na Poirel walikieleza 2012, kinatoka chini ya saa mbili na maabara inaweza kukitengeneza yenyewe. Mimi nikilinganisha hospitali yenye hivi na simu inayopokelewa, na hospitali yenye mashine ya kifahari na simu isiyopokelewa, ya kwanza ndo ningependa kulazwa.

Kuna kipimo kisichohitaji kusubiri chupa ilie?

Vipo vinavyosoma damu moja kwa moja kwa saa 3 hadi 5, T2Candida kwa fangasi iliruhusiwa Marekani 2014 na T2Bacteria 2018, vina orodha fupi ya wadudu na havikuambii dawa. Kwa mkojo kuna habari nzuri zaidi, tuzo ya Longitude ya pauni milioni 8 iliyotangazwa 2014 ilipata mshindi 2024, kifaa cha Sysmex Astrego kinachoonyesha kama kuna bakteria kwa dakika 15 na dawa inayomfaa kwa dakika 45. Miaka kumi kumpata mshindi, upate picha ugumu wake.

Tupime nini ili uongozi uone inafanya kazi?

Usipime idadi ya vipimo vilivyofanyika, hiyo inamfurahisha muuzaji. Pima saa kutoka jibu kutoka mpaka dawa kubadilika, na siku za antibayotiki kwa kila siku 1,000 za wagonjwa, ukitenganisha yale makundi ya Watch na Reserve. Chukua namba za miezi sita kabla ya kuanza, la sivyo hutakuwa na cha kulinganishia, hili tulilisahau sisi na tulilijutia.

Mimi ni ndugu wa mgonjwa. Baba alikuwa anaendelea vizuri na sindano, mbona mmembadilishia, tena mmempa dawa ya bei rahisi?

Pole na uuguzi. Siku ya kwanza hatukujua anaumwa na mdudu gani, tukampa dawa inayopiga wengi. Sasa tumemjua, na hiyo ya bei rahisi inamuua huyo mmoja vizuri zaidi bila kugusa figo za baba. Homa ikirudi, akianza kuharisha, au akivimba sehemu ya kanula, mwambie sista hapohapo. Siku ya mwisho ya dozi imeandikwa kwenye faili lake, mwombe akuonyeshe.